Nawe Waniletea Kifua Tu?

Dada Zuhura,

Ile chai yako ya tangawizi na vijiko vitatu vya sukari siinywi tena. Wamenikuta na ugonjwa wa sukari, miezi mitatu tangu uzikwe. Najua ungecheka kwanza, halafu ungevuta kiti.

Hapa dispensari ya Tseikuru kumebadilika. Daktari mpya aliyeshika nafasi yako ni Mkamba kama mimi, hahitaji mtu wa kumtafsiria, kwa hiyo nimerudi kwa ufagio wangu. Wewe Kikamba kilikushinda hadi mwisho.

Unamkumbuka yule mzee wa mbuzi, mwenye presha? Aliongea mpaka chai yako ikapoa, nami nikakuambia, "Anaumwa kifua." Ukanitazama. "Mama Mutua, mzee amesema yote hayo, nawe waniletea kifua tu?" Niliona haya. Nikakueleza yote: ukame ulimaliza ng'ombe, mwanawe akapotea akitafuta malisho, na tangu hapo haoni kazi ya vidonge. Ukayaandika kwenye daftari kuukuu la Mutua wangu, nikamsomea. Akatusahihisha mahali pamoja. "Mwanangu hakupotea. Hajarudi." Ukafuta, ukaandika alivyosema. Ukamwambia dawa unazijua wewe, lakini maisha yake anayajua yeye, basi mpange pamoja. Aliiomba ile karatasi akaikunja ndani ya kofia, na kusoma hajui. Vidonge hakuviacha tena.

Jumatatu nilikaa mimi kwenye kile kiti cha mgonjwa. Daktari akauliza, "Kwa ufupi, mama, shida ni nini?" Nikajibu, "Sukari." Akaandika, akaita mwingine. Nilipofika nje ndipo nikajua kwamba hata mimi nimepeleka kifua tu.

Sikumwambia vidonge viko kabatini, sijavigusa. Sikumwambia kula peke yangu kumenishinda, kwamba siku nyingine nalala bila kitu tumboni, siku nyingine namaliza mkate mzima nikiwa nimesimama. Mutua yuko Mombasa. Nina upweke, Zuhura, na wa kuniuliza ulikuwa wewe.

Daftari ninalo. Kurasa za mwisho zilibaki tupu, na haya nimeyaandika humo. Jumatatu ijayo nitamsomea daktari yote, hata foleni ikinung'unika. Nakuahidi. Na akiandika "sukari" peke yake, nitamwambia afute.

Pumzika, dada. Kiti chako bado nakipangusa.

Mama Mutua