Mlango Uliotia Hasara

Nyumba ya kona, nyuma ya posta
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkaza mjomba hajambo? Sisi huku wazima, na safari hii neno hilo naliandika machozi yakinilengalenga, kwa hiyo kaa kwanza, usome taratibu.

Jumatano iliyopita lori lilipita kwenye taa nyekundu likamvaa Baba Pacha ubavuni, upande wa dereva. Alikuwa kwenye lile gari ulilotuzawadia tulipooana. Usishtuke, yuko hai! Kavunjika mkono, basi. Mimi nilipofika nikaliona lori lilivyoligandamiza gari, nilijua nimeshakuwa mjane.

Fundi wa gereji alipoupasua ule mlango wa dereva alikuta ndani vyuma viwili, pale ambapo magari mengine yana kimoja, tena vimechomelewa juu mpaka chini. Akaguna. "Mama, aliyetengeneza hiki hakuwa anatafuta faida."

"Huyo ni mjomba wangu!" nikamwambia. Nilijitapa weee, mpaka akacheka.

Mwaka jana gazeti lilipolitaja gari la kiwanda chenu kati ya magari yaliyowatia hasara watengenezaji wake, ulinipigia simu. Ulisema kila moja lililouzwa lilirudisha pungufu ya gharama yake, kwa sababu nyie wachomeleaji mligoma kuondoa chuma cha pili, na wewe ndiye uliyeongoza ubishi. Kiwanda kikaacha kulitengeneza, wenzako wakakunyooshea kidole. Ukasema ujana wako umekwenda bure. Nami nikakuuliza kama mvua imenyesha huko.

Leo ninalo la kusema. Asante, Mjomba. Asante kwa kichwa chako kigumu, ambacho marehemu mama alikilalamikia maisha yake yote. Kwa sura, tuseme ukweli, gari lenyewe lilikuwa baya, majirani waliliita Kabati. Lakini lilinirudishia mtu wangu.

Pacha wanakuamkia, wanataka uje uwafundishe kuchomelea, Mungu aninusuru. Msalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu wote. Mola akuzidishie umri na afya.

Usiniambie tena ulifanya kazi bure. Baba Pacha amelala hapa kwenye kochi mchana huu, anakoroma kama jenereta. Miaka yote nimekuwa nikimpiga kiwiko anyamaze. Leo namwacha akorome.

Mwana wa dada yako, akupendaye kupita kiasi,
Mama Pacha