Tenga Nje ya Ua Wangu

Jumatatu, 1 Agosti

Nimeamka mzima, alhamdulillahi. Goti la kushoto linalalamika kidogo, baiskeli hailalamiki. Nimetoka Ulemo baada ya alfajiri, nikapita njia ya juu, ile ya changarawe, inayopanda na kushuka vilima mpaka pande za Kinyangiri. Njia ya chini ni fupi, lakini mchanga wake unameza tairi. Ukiwa na tenga la kuku kwenye keria utasukuma mpaka jioni. Upepo usoni, vumbi mpaka kwenye ndevu. Nimenunua kuku wazuri leo, majogoo hasa.

Adhuhuri nimeswali kwa Mama Eliasi kama kawaida. Mjane huyu ni Mkristo, lakini amenitengea pahali kando ya ghala. Anapafagia mwenyewe, na birika la udhu huwa tayari kabla sijashuka. Juzi Jumamosi mwanawe Eliasi ameoa. Bibi harusi anaitwa Naomi, Mgogo wa Manyoni. Mpole, anapiga goti kusalimia. Mama Eliasi anamtania, "Mkwe wangu huyu anaogopa jogoo kuliko anavyoniogopa mimi." Tumecheka sana.

Jumatano, 3 Agosti

Nimepata kuku rahisi kule bondeni. Rahisi mno. Mwenyewe alikuwa na haraka ya kuuza. Wawili walikuwa wanasinzia mchana kweupe, mabawa yameshuka. Nikamuuliza, akasema ni jua. Nikakubali kuwa ni jua. Lori la Dar linapakia kesho, na siku hizi kila mwenye baiskeli ni mfanyabiashara. Zamani ungeulizwa kibali kizuizini kwa jogoo mmoja. Sasa usipochukua wewe, anachukua mwenzio.

Nimepumzika pale ninapopumzika siku zote. Kwa fundi cherehani. Nyumba yenye kisima. Kwa Mama Eliasi pia nimeteremsha tenga uani. Naomi akawawekea kuku wangu maji kwenye kigae, na kuku wa pale wakaja kunywa hapo hapo. Niliona nikiwa nimeshaanza swala. Sikuikata. Nilipomaliza sikusema kitu.

Kuku mmoja amefia mteremkoni. Nimemtupa vichakani.

Nyumbani nimeliacha tenga nje ya ua. Nimenawa mikono na miguu kwa sabuni kabla ya kuingia. Zaituni, mke wangu, ameuliza mbona siliingizi ndani. Nimesema linanuka.

Alhamisi, 4 Agosti

Lori limewachukua. Yamekwisha.

Jumatano, 10 Agosti

Hayajaisha. Kwa Mama Eliasi kuku wanasinzia. Kinyesi kijani, shingo zinapinda. Kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Nilijua kabla sijaegesha baiskeli.

Nikauliza wameanza lini, kama daktari. Naomi alikuwa anawanywesha maji ya pilipili mmoja mmoja, amewapakata kama watoto. Sijui yule jogoo aliyekuwa akimtisha yuko wapi sasa. Nimeswali haraka. Sikumbuki nilisoma sura gani.

Jumatatu, 15 Agosti

Kwa Mama Eliasi amebaki tetea mmoja, naye hasimami. Kwa fundi cherehani wamekwisha. Nyumba ya kisima wamekwisha. Njia nzima ya juu ni manyoya yanapeperuka barabarani. Watu wanasema ni upepo wa Agosti.

Nimerudi kwa njia ya chini, nikisukuma mchangani, kusudi nione. Kule kuku wanaparua, vifaranga nyuma ya mama zao. Wazima wote. Kule huwa sipiti.

Hakuna aliyegundua ila mimi. Namshukuru Mungu kwa hilo, halafu naona haya kwamba nimemshukuru.

Alhamisi, 18 Agosti

Maneno yamegeuka. Si upepo tena, ni Naomi. Kaingia yeye, kuku wakafa. Ana mguu mbaya. Wengine wanasema kaja na kitu kutoka kwao. Kisimani wanawake wanatoa ndoo zao anapofika.

Mama Eliasi kaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Zuhura, mimi si mtu wa mambo hayo, nasali. Lakini kabla hajaja walikuwa wazima."

Nikajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nimelifunika jambo langu kwa jina lake. Najichukia.

Ijumaa, 19 Agosti

Msikitini. Mwili ulikuwepo, moyo haukuwepo.

Zaituni kanikaangia mayai. Kuku wetu wanataga kama kawaida. Nimeyaacha sahanini. Kaniuliza kama naumwa, nikasema goti.

Jumapili, 21 Agosti

Nimesikia kwa fundi cherehani. Jumanne Naomi anarudishwa kwao. Eliasi atamsindikiza mpaka barabara kuu akapande gari la Manyoni. Eliasi hataki. Lakini ndugu wamekaa, na mama amekubali.

Nikisema, hakuna mwanamke wa njia hii atakayenifungulia mlango tena. Na kazi yangu ni hiyo milango, sina nyingine. Nikinyamaza, binti wa watu anarudi kwao na jina la uchawi, na jina hilo halina sabuni.

Nimeswali rakaa mbili kuomba njia. Nilishaijua. Nilikuwa naomba nyingine.

Jumanne, 23 Agosti

Nilipanga kutoka mapema. Badala yake nimejaza upepo tairi lililokuwa limejaa. Nimekaza nati zilizokaza. Jua likapanda.

Nilipofika, Mama Eliasi alikuwa peke yake mlangoni. Wameshaondoka. Nikamwambia palepale, baiskeli bado mkononi. Nilinunua kuku wagonjwa nikijua, nikawateremsha uani kwake, nikanyamaza. Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayetafuta mtu nyuma yangu. Kisha akasema, "Wakimbilie."

Walikuwa na sanduku, kwa hiyo wangeshika njia ya chini, fupi. Mimi nikaenda na ya juu, ili niwatangulie pale njia zinapokutana chini ya majabali. Mteremko wa mwisho sijawahi kuushuka bila kushika breki. Leo nimeushuka hivyo. Changarawe zinaruka, tairi la nyuma linakwenda kushoto na kulia, nikisoma shahada.

Niliwakuta. Nikasema yote, nikihema.

Eliasi alitua sanduku, akanijia amekunja ngumi. "Mzee, shukuru mvi zako." Naomi akamshika mkono. Kisha akaniuliza mimi, taratibu.

"Kuku wako mwenyewe je?"

Nikainama kutazama tairi.

"Wa kwako, nyumbani kwako. Wamekufa?"

"Wazima."

"Wote?"

"Wote. Tenga nililiacha nje ya ua."

Hakulia. Alisema, "Mimi niliwafukia wale kwa mikono yangu, mmoja mmoja, naomba Mungu aniambie nimekosa nini." Halafu akalitwaa sanduku, akaliweka kwenye keria yangu na kulifunga kwa mpira. "Tunarudi. Kwa njia ya juu. Kila nyumba walikonisema unaingia wewe kwanza."

Nikamwambia apande, nitasukuma. Akasema atatembea, wamwone anatembea.

Kila nyumba. Nimesukuma baiskeli mlima hadi mlima, na kila ua nimeingia na kusema. Mmoja katema mate. Mmoja kacheka, akasema kumbe ni huyu huyu asiyekosa swala. Mke wa fundi cherehani hakunitazama mimi. Alimwangalia Naomi, akaingia ndani, akatoka na kiti. Naomi hakukaa. Tukaenda nyumba nyingine.

Kwa Mama Eliasi nimefungua mpira, nimeshusha sanduku. Mama yule kasimama mbele ya mkwe wake mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Sikungoja kuona. Hayakuwa yangu. Hakuna aliyeniambia karibu. Nimeswali barabarani, kwenye kokoto.

Jumatano, 24 Agosti

Nimemwambia Zaituni. Chai yake imepoa kikombeni. Kisha kaenda bandani, kawafunga kuku wake miguu, kasema, "Wapelekee." Nimemwambia nyua zile bado zina ugonjwa. Tukiwapeleka sasa, watakufa nao.

Kawafungua. Hata kufidia kunataka kungoja.

Alhamisi, 1 Septemba

Nimepita njia ya juu na tenga tupu. Hakuna aliyeniita. Nimerudi nalo tupu, nimelichoma.

Jumatatu, 5 Septemba

Nabeba vitunguu vya watu sasa, kupeleka mnadani. Gunia ni zito kuliko tenga, na halipigi kelele. Upepo umepungua.

Asubuhi, pale njia inapobana kati ya mawe, nimekutana na Naomi anatoka kisimani, yeye na wanawake wawili, wanazungumza. Waliponiona wakanyamaza. Hakuniamkia. Kwa umri wangu, huku kwetu, hilo si jambo dogo. Nimeona ni sawa.

Nimeshuka kwenye baiskeli, nimeisogeza pembeni na gunia lake, nimesimama mpaka wote watatu wapite na ndoo zao. Kisha nikaisukuma baiskeli kupanda mlima.