Niliimba Bila Kuomba

Beni, tarehe 26 mwezi wa pili 2023

Joyeuse mutoto yangu,

Tumusifu Yesu Kristu. Kule Butembo muliamuka? Bwana yako na batoto beko muzuri? Mimi niko, ni magoti tu njo inanisumbua. Telefone yangu ilipotea siku tulikimbia vita kule Mbau, donc uzoee makaratasi yangu. Dereva wa fuso atakufikishia.

Hapa Beni tuko bakimbizi wengi mu parcelle moja, kiwanja moja tu. Kila magaribi tunaomba pamoja. Mama Orpa, ule alizikaga batoto yake kule Mbau, akianza kuomba unasikia kama Mungu amekaa pembeni yake. Nikimusikia nakukumbuka wakati ulikuwa kadogo: ulikuwa unamuambia Mungu mambo yako yote, hata ya mbuzi yenye kupotea. Sasa barua zako ni bitenge unauzisha, korali, nyumba munajenga. Yesu unamutajaka ku salamu tu. Mutoto yangu, moyo yako iko namna gani? Kuya tukae pamoja siku kidogo. Nakutamani.

Papa yako,
Kitsa, katekista

Butembo, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Papa mupendwa,

Milele na milele, amina. Siye hapa tuko muzuri. Jean-de-Dieu anakusalimia sana. Nakutumia dawa ya magoti na maharagi ya Musienene, ile inaivaka mbio.

Mais Papa, juu ya nini unaniuliza vile? Mimi ni présidente wa korali. Misa sikosake. Padri mwenyewe alinisifu mbele ya batu. Moyo yangu iko na amani. Kuya sasa hapana, tunatayarisha Pasaka, na robe mupya za korali ziko kwa mushonaji. Kisha Pasaka nitakuya.

Mutoto yako,
Joyeuse

Beni, tarehe 30 mwezi wa ine 2023

Joyeuse mutoto yangu,

Salamu mu jina ya Bwana. Batoto hawana homa? Dawa ilifika, magoti ilipata nafuu. Wasingya, aksanti.

Pasaka ilipita. Kila gari yenye kutoka Butembo nilikuwa naiangalia mupaka batu bote bashuke. Ile amani uliniandikia, naomba Mungu ikuwe amani kweli, ikuwe hapana usingizi. Usinikasirikie.

Kuko batu balirudia Mbau kuvuna kakao yabo. Hawana mutu wa kuongoza sala, hata wa kuzika. Banakuya kuniita. Ningependa nikuone mbele ya kuenda. Mais Pentekoste ikipita, nitaenda.

Papa yako

Butembo, tarehe 9 mwezi wa saba 2023

Papa,

Uko muzima? Hiyo njo salamu yangu leo, sina ingine. Sikukujibu juu ile neno "usingizi" ilinichoma. Nilijiambia: Papa anazeeka.

Juma hii ilipita, mutoto Faraja alikufa na malaria. Mama yake ni Kyakimwa, mukimbizi anakaa mu chumba nyuma ya nyumba yetu. Ku matanga alinishika mukono mbele ya batu bote: "Mama présidente, uniombee mutoto. Weye unajuana na Mungu." Nikasema Baba Yetu, ikaisha. Nikasema Salamu Maria, ikaisha. Akaniangalia: "Endelea, mama. Umuambie Mungu jina yake ni Faraja."

Papa, sikukuwa na neno hata moja. Kyakimwa mwenyewe njo aliomba. Alilia, akamugombeza Mungu, akamushukuru, kisha akaniombea na mimi.

Toka siku ile napiga magoti. Jana nilisema: "Mungu, nilikuwa naimba, sikukuwa nakuomba." Nikalia sana. Jean-de-Dieu akauliza: "Ni nini?" Nikamuambia: "Nataka kumuona Papa."

Nakuya. Kama haujaenda Mbau, uningojee.

Joyeuse

Beni, tarehe 6 mwezi wa munane 2023

Papa yangu,

Amani ya Bwana ikufikie kule Mbau. Magoti iko namna gani? Unakula?

Nilifika, ulikuwa umeenda. Mama Orpa alinipokea. Barua yangu anaichunga, hakuna mutu aliifungua. Siku ile ile nilifika, Mbau ikashambuliwa na barabara ikafungwa. Bale balitoroka, kila mutu na habari yake: mumoja alikuona ukimubeba muzee Éphraïm mu mugongo, mwingine hakukuona kabisa. Mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba batu, anasema askari bakifungua barabara, atajaribu kukufikishia karatasi hii.

Sikurudia Butembo. Jean-de-Dieu alikubali, anabaki na batoto.

Magaribi ya kwanza batu baliuliza: "Nani ataongoza?" Mama Orpa akaniangalia. Nikasema: "Mama, mimi sijue kuomba." Akasema: "Umuambie Mungu hivyo hivyo." Nikasema: "Mungu, sijue kuomba. Na Papa yangu hajarudi." Nikakwama. Bakaningojea, hakuna alinisukuma. Kisha maneno ikaanza kuya, kidogo kidogo, yangu mwenyewe.

Uliniita, nikakujibu kama mutu mwenye kuwa na kesho nyingi. Sasa moto ikipita nasimama nione kama ni weye. Ikiendelea, narudia kumuongelesha Mungu, na siku zingine nabaki na yeye mupaka nasahau kusikiliza barabara. Kitu hii njo ulikuwa unanitakia, sivyo? Nilitaka nikuambie kwa kinywa, uso kwa uso.

Ukipata karatasi hii, usijibu. Kuya tu.

Batu bamekusanyika, banangoja. Naenda tuombe.

Mutoto yako,
Joyeuse