Nani Aingie na Mama kwa Daktari

Kiplombe, Eldoret
Januari 9, 2011

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kovu halikuwashi sana. Huku tuko salama. Baba amepona kikohozi, ingawa kinamrudia kila ikifika saa ya kukama ng'ombe. Asubuhi ni baridi hadi maji ya tangi yanauma vidole.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Baba, na Baba akiongea kwa simu husimama uani na kupaza sauti kama yuko mkutanoni. Sitaki Kiplombe yote isikie habari za kifua chako. Barua hii anakuletea Mama Leonida, anayekuja huko Nairobi kuchukua nguo za mitumba. Nimemwomba asiifungue. Akacheka, akasema ana siri zake za kutosha.

Mama, yeye ndiye aliyeniambia kwamba umeonana na daktari wa kurekebisha maumbile, Daktari Amolo, na kwamba anaweza kukutengenezea titi upande ule uliokatwa mwaka jana, kwa kuweka kifuko cha silikoni chini ya ngozi. Ati lililobaki ni wewe kuchagua ukubwa. Mama Leonida alisikia hayo kwa Waithira. Kwa hiyo habari za mama yangu zilitoka kwa Waithira, zikapitia kwa muuza mitumba, ndipo zikanifikia mimi. Nilijifanya nazijua. Nilisema, "Ndiyo, aliniambia," halafu nikaenda nyuma ya boma nikakaa huko hadi Baba akaniita.

Sisemi Waithira ni mbaya. Najua alikuwa mtoto wa jirani, na mama yake alipofariki ukamleta kwetu. Najua pia ni yeye aliyekupokea kwake Nairobi ukitibiwa, na kukuosha kidonda mimi nikiwa bweni. Lakini sasa nimemaliza shule, Mama. Niko nyumbani, mikono yangu haina kazi. Naomba nije nikae nawe, niingie nawe kwa daktari. Nadhani hiyo ni kazi ya binti.

Nisalimie wote.

Binti yako,
Kavetsa


Kawangware, Nairobi
Januari 16, 2011

Kavetsa mwanangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Mwambie baba yako kwamba kikohozi cha maziwa nakijua tangu tulipooana.

Ni kweli nilikwenda kwa Daktari Amolo. Ni mtu mpole, anaongea taratibu, anapasha mikono joto kabla ya kukugusa. Alipima upana wa kifua changu kwa rula, akaniambia kwamba kifuko hakiwezi kuwa kipana kuliko mahali kinapokaa, hata mtu akitaka. Nilimuuliza kama nitakuwa kama msichana. Akasema, "Mama, sitengenezi la msichana. Natengeneza ndugu wa hili lililobaki."

Alinipa vifuko vitatu vya kujaribia, kidogo, cha kati na kikubwa, nije navyo nyumbani. Navivaa ndani ya sidiria, kila kimoja kwa siku zake, nikifua, nikipika, nikienda kanisani, ili mwili wenyewe useme. Nilipovaa kile kikubwa Waithira alinizunguka na mita yake ya ushonaji shingoni, akasema, "Mama, na hiki, kifua chako kitafika kanisani kabla ya miguu." Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Daktari anataka nirudi na mtu anayeujua mwili wangu, tuamue pamoja. Nitakwenda na Waithira. Wewe kaa na baba yako. Usije kwa sasa.

Kula vizuri.

Mama yako


Kiplombe
Januari 23, 2011

Mama mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nasimama palepale: mtu anayeujua mwili wangu. Mama, mimi nilikaa ndani ya mwili huo. Waithira aliujulia wapi? Alikuja kwetu ana miaka kumi na miwili, akiwa na sanduku na mswaki wake.

Najua utasema kwamba kwetu mama hamvulii mtoto wake kifua mtoto akishakua, kwamba ni mwiko, na mama akifanya hivyo kwa hasira anakuwa amelaani. Shangazi alinieleza hayo wewe ulipokataa nikubadilishe bandeji wakati wa likizo. Nilikubali. Lakini nimekuwa nikiwaza, na naomba usione ni utovu wa adabu.

Wakati wa vita vya uchaguzi, tulipokuwa tukimtoa Waithira tumpeleke Nakuru, vijana walitusimamisha pale kizuizini karibu na Timboroa. Walitazama kitambulisho chake, wakaona jina la kabila walilokuwa wakilisaka, wakasema ashuke garini; tukashuka naye. Ukafungua vifungo vya blauzi, ukatoa titi mbele ya watu wote, ukawaambia, "Huyu alinyonya hapa. Anayemtaka aanze na mimi." Wale vijana waligeuza nyuso, mmoja hata akafunika macho kwa mkono, na tukapita. Titi lile ndilo lililokatwa mwaka jana.

Sasa niambie, Mama. Kama Waithira alinyonya pale, basi yeye ni mtoto wako, na mwiko unamkataza kama unavyonikataza mimi. Na kama hakunyonya, basi si mtoto wako, na sijui ni kwa nini yeye ndiye anakushikia kioo. Haiwezekani awe mtoto barabarani na asiwe mtoto kwa daktari. Mahali pote pawili yeye anapita, na mimi nabaki nje.

Nijibu hilo tu.

Binti yako uliyemzaa,
Kavetsa


Kiplombe
Februari 13, 2011

Mama,

Natumaini u mzima. Mama Leonida amekwenda Nairobi na kurudi, akaenda tena na kurudi, na hana barua yangu. Nilimuuliza kama anakuona. Akasema anakuona, umekonda kidogo, unampa chai, na akitaja jina langu unainuka kwenda kutazama jiko.

Aliniletea sweta aliyonifumia Waithira. Ni ya rangi ya damu ya mzee, na imenikaa sawasawa, mikono hadi viganjani, kana kwamba nilikuwa nimesimama mbele yake akinipima. Baada ya kuijaribu sijaivaa tena. Nilimpa Baba atandike kiti chake cha kukamia, halafu nikaichukua tena.

Kama nilikukosea, sema. Ukinyamaza najijibu mwenyewe, na majibu yangu si mazuri.

Kavetsa


Kawangware
Februari 20, 2011

Mwanangu Kavetsa,

Salamu nyingi. Afya yangu ni nzuri. Nilikonda kwa kukosa jibu, si kwa ugonjwa.

Nitakuambia kitu ambacho hata baba yako hajakisikia. Siku ile Timboroa, wale vijana waligeuza nyuso. Wewe hukugeuza. Ulikuwa nyuma ya bega langu, nikageuka, nikakukuta unalitazama titi langu, macho wazi kabisa. Nilikuwa nimelitoa kwa laana, na laana ikamkuta mtoto wangu mwenyewe akiwa amesimama pale. Tangu siku hiyo, kila ulipougua malaria nilisema ndiyo hiyo imekuja. Uvimbe ulipoota, tena katika titi lilelile, nilishukuru, kwa maana nilidhani laana imenichagua mimi na kukuacha wewe. Daktari aliniambia ugonjwa huu hauji kwa njia hiyo. Ninamwamini nikiwa mbele yake. Nikifika nyumbani naanza kuogopa upya.

Ndiyo sababu sikutaka uniguse, wala usije. Nilisema sitakuonyesha kifua hiki mara ya pili.

Kuhusu Waithira umenishika. Yale niliyosema barabarani yalikuwa ya barabarani. Ninampenda, lakini nikimvulia siogopi, kwa sababu moyoni najua sikumzaa, na mwiko hauna njia ya kumpata. Unaona ubaya wa hilo? Namruhusu aingie kwa sababu si mtoto wangu, na yeye anaingia akidhani ni kwa sababu ni mtoto wangu. Anawaambia wateja wake, "Nina mama yangu nyumbani, leo nafunga mapema." Nikisikia hivyo naanza kuosha vyombo vilivyo safi.

Una jina la mama mkwe wangu, Kavetsa, na una maswali yake vilevile. Sasa unajua. Fanya unavyoona vyema.

Mama yako


Kiplombe
Februari 27, 2011

Mama mpendwa,

Natumaini umelala vizuri baada ya kuandika yale. Mimi sikulala vizuri baada ya kuyasoma.

Kwanza nikueleze kwa nini sikugeuza uso. Sikuwa nimeona ajabu, wala sikuogopa. Nilikuwa nasubiri umalizie maneno. Ulisema, "Huyu alinyonya hapa," na mimi nilikuwa nimesimama pale karibu naye, nikasubiri useme, "Hawa." Tulipita kizuizi, tukapita msitu, tukafika Nakuru, na bado nilikuwa nasubiri. Kwa hiyo kama kuna kitu kilinipata siku ile, Mama, si laana. Ni wivu, na sijawahi kuugua kwa ajili yake isipokuwa moyoni.

Najua utasema hakuna aliyenidai mimi. Jina langu halikuwa na shida kwenye kile kizuizi. Nalijua hilo sasa. Nikiwa na miaka kumi na mitano sikulijua.

Pili, usimwambie Waithira. Nilipomaliza kusoma barua yako nilifurahi, na nikuambie ukweli, furaha hiyo ilidumu mchana mzima. Nilikuwa na neno ambalo ningeweza kumwambia mara moja tu likamtosha maisha yake yote. Nililiandika kichwani kwa namna tatu. Halafu nikawaza yeye akifunga cherehani mapema ili aje kwa mama yake, nikajua kwamba nikilisema, nitakuwa nimemshusha garini mimi mwenyewe. Barua yako nimeichoma.

Tatu, nataka kuja. Usiku na mchana nimelifikiria jambo hili na nimeona njia. Kwa daktari kuna pazia. Waithira aingie nawe nyuma ya pazia, akufunge na kukufungua. Mimi nitakaa upande huu. Ukishavaa, toka, nikutazame ukiwa na nguo zako kama nilivyokutazama siku zote. Mwiko hausemi lolote kuhusu mama aliyevaa gauni.

Baba amekubali. Amesema ng'ombe atamkama, ila nisizoee.

Binti yako,
Kavetsa


Kiplombe
Machi 20, 2011

Mama mpendwa,

Nilifika salama. Natumaini na nyinyi mko salama. Kesho naanza kufundisha chekechea ya kanisa, kwa hiyo sitaweza kurudi huko siku ya upasuaji. Waithira atakaa nawe. Naandika haya haraka kabla Mama Leonida hajaondoka.

Tangu nirudi nimekuwa nikiifikiria ile siku. Ulipotoka nyuma ya pazia na kile kikubwa, hakuna aliyehitaji kusema. Ulipotoka na kidogo, Waithira alisema, "Hiki hapa." Ulipotoka na cha kati, nikasema, "Hapana, hiki," upesi sana, hata kabla hujasimama vizuri. Daktari Amolo akaniuliza kwa upole kama ninakutazama wewe au ninamtazama Waithira. Ukasema utakwenda kufikiri.

Mama, nilikuwa namtazama Waithira. Alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyekwisha kujua, na nilitaka akosee. Ungetoka na kile kidogo mwisho, akasema hapana, ningesema ndiyo.

Sasa nimetulia na nimekuona tena kichwani. Na cha kati bega lako la kushoto lilirudi nyuma, kana kwamba umebeba mtoto upande mmoja. Na kidogo ulitembea hadi dirishani, ukatazama nje, ukasahau kwamba tupo. Chukua kidogo. Mwambie daktari. Na mwambie Waithira kwamba alikuwa sahihi. Mimi siwezi kumwandikia hilo, mkono unakataa, ingawa leo nimevaa sweta yake.

Naomba kitu kimoja tu, na usinicheke. Wanasema mtu akizinduka kutoka dawa ya usingizi huita jina bila kujua. Uite langu. Yeye atakuwa pale, atakushika mkono, atakupa maji. Mimi nipe jina.

Binti yako,
Kavetsa


Kawangware
Aprili 3, 2011

Kavetsa mwanangu,

Nakusalimu kwa furaha. Upasuaji ulikwenda vizuri na nimerudi nyumbani. Nimefungwa bandeji kama mzigo wa kupelekwa mbali, lakini maumivu ni ya kuvumilika. Daktari aliweka kile kidogo. Nilimwambia Waithira ulichosema. Aliuliza, "Kavetsa mwenyewe? Kwa kinywa chake?" Nikasema kwa kalamu yake. Akasema kalamu inatosha.

Sasa lile uliloomba. Nilijitahidi, mwanangu. Waliponisukuma ndani nilikuwa nikilitaja jina lako kimoyomoyo, Kavetsa, Kavetsa, hadi taa zikaniishia. Nilipopata fahamu wadini nilimuuliza nesi nilimwita nani. Waithira alikuwa pale kando ya kitanda. Aliinama ghafla kama anayetafuta kiatu, na nikaona kwamba na yeye alikuwa akisubiri jibu. Sikujua. Miaka yote hii nilidhani ni wewe peke yako unayehesabu.

Nesi akasema, "Ulimwita mama yako. Ulisema, 'Mama, nimechoka, nibebe.'"

Mama yangu tulimzika Vihiga kabla hujazaliwa. Sikumbuki lini nilimwita mara ya mwisho.

Waithira alicheka hadi akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na akaniambia nisisahau kukuandikia hivi: mwambie Kavetsa tumeshindwa wote wawili.

Msalimie baba yako na ng'ombe wake.

Mama yako