Sabufa mbili za Edina

Edina amekufa. Mke wangu. Presha ilipanda, tukamfikisha hospitali, hakurudi. Tumemzika kwao Hasamba.

Leo Jumapili. Baridi ya Tunduma ile ya kuuma masikio, na upepo una vumbi. Matanga yameisha. Watu wamekunja turubai, kila mtu amebeba sufuria yake, wameondoka.

Nyumba imekuwa kubwa.

Naandika kuhusu sabufa. Mtu atasema huyu kachanganyikiwa, mke amekufa yeye anaandika mambo ya sabufa. Aseme. Mimi maneno mengi sina. Ukitaka kujua Edina alikuwa mtu wa namna gani, kaa kwenye chumba chetu usikilize.

Mimi ni kuli. Napakia na kupakua malori hapa mpakani. Shule sikufika mbali. Edina alikuwa fundi cherehani, na kanisani alikuwa anakaa kwenye mitambo ya kwaya. Yeye ndiye anapandisha sauti, anashusha. Asipokuwepo kwaya inapiga kelele tu. Akiwepo unasikia maneno.

Hatukupata mtoto. Nyumba yetu hapa Chapwa ina chumba kirefu ambacho wenzetu wangeweka vitanda vya watoto. Kilikaa wazi miaka. Siku moja Edina akasema, basi kitakuwa chumba cha sinema. Akashona mapazia mazito. Tukafunga tivii ukutani, spika ndogo huku na huku, tukapanga viti. Jumapili jioni majirani wanakuja. Watoto wanakaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, na wanaochelewa wanajibana mlangoni.

Ikabaki besi.

Huku watu wakisema sabufa wanamaanisha redio nzima. Edina alikuwa anawarekebisha. Sabufa ni lile boksi la besi peke yake, na alisema hilo boksi ndilo linatengeneza chumba au linakiua.

Siku ya kununua tulienda wote. Duka la kwanza wakatutolea dude kubwa, lina mataa yanawaka yanazima. Walipoliwasha vioo vya kabati vikaanza kulia. Muuzaji alikuwa mtu wa Nakonde, akamwita bamayo, kama wanavyoita akina mama kule ng'ambo ya mpaka.

"Bamayo, hii ukiwasha jirani anahama."

"Baba, mimi jirani namtaka. Zima."

Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Alikuwa na kadi yake ya kumbukumbu, ina nyimbo za kwaya alizorekodi mwenyewe. Kila duka anachomeka, anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nasikiliza ipi inapiga kwa nguvu. Yeye alikuwa anasikiliza ipi inanyamaza haraka. Aliniambia gitaa la besi likikatwa, boksi zuri nalo linakata hapo hapo. Bovu linaendelea kuguna kama ng'ombe kashiba.

Mwisho akachagua mbili ndogo. Nyeusi, hazina taa, zinafanana. Kwa macho hazina lolote. Nikamuuliza mbili za nini, si bora moja kubwa? Akasema moja inampigia kelele mtu mmoja na mwingine inamnyima. Anataka wa mlangoni asikie sawa na wa kwenye kiti.

Ndiyo akili yake hiyo. Mimi ningenunua yenye mataa.

Na tulipofika nyumbani hakuziweka chini. Moja aliipandisha juu ya kiti chake, pale anapokaa kuangalia. Akapiga wimbo. Halafu akapiga magoti akaanza kutambaa pembezoni mwa ukuta, sikio karibu na sakafu. Nikajua ameangusha sindano. Kumbe anatafuta mahali. Ukiweka boksi pale utakapokaa wewe, halafu wewe ukapita pale litakapokaa boksi, ukikuta besi imetulia, hapo ndipo pake. Hii sikufundishwa na mtu mwingine yeyote. Chini ya kila boksi akaweka vipande vya ndala kuukuu, ili sakafu isitetemeke na bati lisilie.

Tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa.

Msiba ulipotokea wakazigusa. Ndiyo kawaida yetu, msiba ukiingia chumba kinatolewa kila kitu, wanatandika mikeka, akina mama wanalala hapo. Hata zulia la plastiki lilibanduliwa. Boksi moja vijana walilitoa nje kupigia nyimbo za maombolezo chini ya turubai. La pili likaenda stoo nyuma ya magunia ya mahindi. Leo alfajiri wakarudisha viti na kila kitu, wakapiga na deki. Sabufa wakazibebanisha kwenye kona, moja juu ya nyingine, juu yake wakatandika kitambaa kama stuli.

Hawakukosea. Nani angejua?

Nikawasha. Besi ikavuma kona nzima, sauti za watu zikazama ndani kama mtu anaongea akiwa kwenye pipa. Makaburini sikulia. Watu waliniangalia waone nitalia lini, chozi halikutoka. Leo kwa ajili ya besi mbovu nimelia kama mtoto.

Mchana wakaja wa ukweni. Mama mkwe na shemeji yangu Festo, mdogo wake Edina. Walikuja kuchukua vitu vya marehemu, ndivyo inavyokuwa, vitu vya mwanamke vinarudi kwao. Nguo nilishazipiga pasi. Vyombo nilishavifunga. Cherehani inaenda kwa dada yake, hakuna neno.

Mama akakaa kwenye kiti cha Edina. Hakujua ni chake. Festo akainua kile kitambaa pale kwenye kona.

"Shemeji, hii moja naondoka nayo. Wewe upo peke yako. Mbili unamsikilizisha nani, mende?"

Festo ni mtu wa utani, na mimi huwa namtania zaidi ya hapo. Lakini leo damu ilinipanda. Nilitaka kumjibu vibaya.

Kilichoniuma hakikuwa boksi lenyewe. Mtoto hatuna. Nguo zinaondoka, vyombo vinaondoka, cherehani inaondoka, na chumba kikishakufa, hawa watu watanijia kwa sababu gani tena? Kutoka Hasamba ni kubadilisha gari Vwawa, na miguu ya mama ni mibovu. Mtu hapandi magari mawili kuja kumwangalia mwanaume aliyewahi kuwa mkwe. Nikaona leo ndiyo mwisho. Wakitoka mlangoni nimebaki mimi na malori.

Nikamwambia, "Chukua, ni ya dada yako. Ila sikiliza kwanza zikiwa zimekaa vizuri. Ukishasikia ukitaka kuibeba, nakusindikiza mpaka stendi."

Akasema sawa. Hapo ndipo nikakumbuka shida mbili. Boksi inabidi likae kwenye kiti cha Edina, na kiti mama amekikalia. Halafu inabidi nitambae. Mimi Mnamwanga, nimeoa kwa Wanyiha, na pande zote mbili mkwe ana adabu zake. Mama mkwe humwangalii usoni ovyo. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu. Sasa nitambae mbele yake, makalio juu?

Nikamnong'oneza Festo. Festo akacheka, akamwambia mama kwa Kinyiha. Mama akanyanyuka polepole.

"Kwa hiyo mgeni sasa ni boksi," akasema.

Akakaa mkekani, akavuta kitenge akajifunika uso wote.

"Tambaa, baba. Sioni."

Nikapandisha boksi moja kwenye kiti, nikapiga wimbo, nikatambaa. Kwenye kona besi ilikuwa inanguruma mpaka meno. Nikasogea, ikapungua. Nikasogea tena, ikafa kabisa, kama mtu amezima. Nikaanza kuogopa kwamba sina sikio la Edina. Yeye alisoma sauti maisha yake yote, mimi nabeba magunia. Nikaendelea. Chini ya tivii, katikati ya ukuta, besi ikasimama. Haikuwa kubwa. Kila uzi wa gitaa unakuja, unapiga, unanyamaza.

Hapo.

Nikaenda ukuta wa nyuma, nao katikati, ikawa vile vile. Festo hakuamini. Akapiga magoti na yeye, akapita nilipopita, mguno kwa mguno.

"Huyo wa pili ni nani?" mama akauliza ndani ya kitenge.

"Mama, si umesema huoni?"

"Nasikia magoti yanalia. Ya mkwe hayalii, amezoea kazi."

Tukashusha boksi kutoka kwenye kiti, mama akarudi kukaa. Nikatafuta vile vipande vya ndala, nikavikuta stoo, nikavipanga sehemu zile mbili, juu yake maboksi. Kwanza nikawasha moja tu, ya mbele. Mama akasema anasikia vizuri. Festo alikuwa mlangoni, akasema huku ni kama redio ya nyumba ya tatu. Nikazima hiyo nikawasha ya nyuma. Mlangoni ikawa nzito, kwa mama ikawa nyepesi. Halafu nikawasha zote.

Festo akatoka mlangoni akaenda kwenye kona. Akatoka kwenye kona akakaa mkekani pale wanapokaa watoto. Akasimama nyuma ya kiti cha mama. Kote sawa. Hakuna mahali inazidi, hakuna mahali inakosekana. Hata hujui inatokea wapi. Maboksi yapo pale chini yamenyamaza kama hayafanyi kitu.

Festo utani ulimwishia. Akasema taratibu, "Dada alikuwa na akili huyu."

Alikuwa nayo. Wengi wanapima sabufa kwa kuangalia nani amekasirika mtaani. Yeye alipima kwa mtu aliyechelewa, aliyekosa kiti, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimfikiria huyo tangu dukani. Miaka yote nimekaa chumba hiki nikidhani tunaangalia muvi tu.

Wimbo ulikuwa wa kwaya, wa kwenye kadi yake. Mama akautambua. Akausikiliza mpaka ukaisha.

Halafu akaongea na mimi. Hakupitisha kwa Festo. Aliniangalia usoni, na mimi sikujua macho niyaweke wapi.

"Mkwe, hizi zisitoke. Mimi nitakuwa nakuja. Kila mwezi, Jumapili moja, nikitoka kanisani. Kiti hiki uniwekee."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Na mimi nikae wapi?" Festo akauliza.

"Wewe utakaa mlangoni. Si umesikia mwenyewe ni sawasawa?"

Tumecheka watatu. Kwenye nyumba ya msiba, tumecheka. Nadhani Edina angetutuliza ili asikie wimbo unaofuata.

Nimewasindikiza stendi. Festo alibeba cherehani begani, mama nguo, mimi vyombo. Gari lilipoanza kuondoka mama akatoa mkono dirishani, akanionyesha kidole kimoja. Jumapili moja kila mwezi. Nikainua kimoja na mimi.

Nimerudi nimefagia chumba. Majirani walichungulia, wakauliza kama leo kuna kitu. Nimewaambia leo hapana, waje Jumapili ijayo. Kuna mama mmoja ameshika mkono wangu akalia, mimi nikamfariji yeye.

Bado sijui nitakaaje humu. Asubuhi nimeweka vikombe viwili vya chai bila kufikiri. Hilo sijui linaisha lini, na sina wa kumuuliza.

Msimamizi wetu wa makuli amepiga simu, kuna malori yamepanga foleni toka juzi na watu hawatoshi. Nimemwambia nipo.

Kesho narudi kazini.