Novena za Kazi ya Leonia

Sumbawanga, Juni 2004

Mjukuu wangu Leonia,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipoanza kutafuta kazi, na kifua hiki hakiniruhusu tena kulificha.

Baridi ya mwaka huu ni kali. Ulezi umevunwa, na jirani yetu Bertilla ananipikia uji. Ameniambia kwamba huko Kabwe, ziwani, unauza dagaa. Nilikukumbuka ukijifundisha peke yako kuandika programu kwenye kompyuta kuukuu ya parokia, nikalia.

Kila uliporudi kutoka kwenye usaili ulisema lilelile: "Wameuliza cheti, Babu. Programu yangu hawakuitazama." Nasi tulipiga magoti, tukaanza novena nyingine, sala za siku tisa, kwa Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi. Mara ya mwisho, uliporudi kutoka Mbeya, ulitania huku machozi yakikutoka.

"Babu, huyu mzee wako amelala?"

"Halali, mke wangu. Ana foleni."

Ulicheka, na kesho yake ukafunga mzigo ukateremka ziwani. Bertilla anasema siku hizi huingii kanisani, kwa kuwa unasema Mungu alikukataa.

Usimlaumu Mungu. Waliokukataa walitaka karatasi tu. Lakini tulipopiga magoti pamoja, mimi niliomba kwa sauti upate kazi, na moyoni, katika kila novena, niliomba ukose. Bibi yako alikuwa ameshakufa, nami niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii.

Babu yako,
Isdori