Samaki Mwekundu Anaua Wenzake, na Baba Anamwita Mke Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana jambo lenyewe ni la samaki.

Mimi ni msusi, nimeolewa, na tangu mama afariki naishi na baba yangu, seremala mstaafu, ambaye msiba haujapoa akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamkauka, siyo kwamba hawezi kusema, daktari anasema anaweza, ila hataki, ukimuuliza chai au uji anatikisa kichwa, basi. Ofisi ya mume wangu ilipohama walikuwa wanatupa tangi la samaki la kioo, dogo tu, linakaa juu ya kabati la viatu, akalileta nyumbani, nami nikaenda dukani nikachagua samaki kama ninavyochagua nyuzi za kusukia, kwa rangi: wawili wa dhahabu, wale wadogo wanaoitwa gapi wenye mikia ya kila namna, na mmoja mwekundu mwenye mapezi marefu kama gauni la harusi. Muuzaji akaniambia wote ni wa maji baridi, hawana shida.

Baba akavuta kiti mbele ya tangi akamtazama yule mwekundu akiwakimbiza wenzake kona hadi kona, na mshauri, baba alisema. Alisema, "Mkali kama mama yao," ndivyo alivyozoea kumwita mama yetu. Nilikuwa na sufuria mkononi, nusura niiangushe.

Tangu hapo anaongea naye. Asubuhi, "Umeamkaje, mke wangu?" Mchana, "Umeshiba, au bado umenuna?" Sisi wenye masikio tupo palepale, hatuambiwi kitu.

Shida ni kwamba huyo mke anaua. Gapi wanachanwa mikia, kesho yake wanaelea, nami baba akijilaza kupumzika nakimbia dukani kununua wengine wanaofanana nao ili asijue, kisha nakaa kama sijafanya kitu. Kaka yangu mkubwa alipokuja kututembelea akakuta mmoja anaelea, akasema, "Mzee anachanganyikiwa na wewe unamchochea. Samaki huyu arudi dukani leo." Akachukua bakuli na wavu. Baba akanyanyuka mwenyewe, bila fimbo, akamkamata kaka kwa ule mkono mzima, akasema, "Mwache. Wa kwanza alichukuliwa sikuulizwa."

Kaka akaweka bakuli chini akatoka nje. Nilimkuta kwenye kamba ya nguo, kajifunika uso kwa shuka lililoanikwa, analia.

Sasa nifanyeje? Nikimwondoa samaki, naogopa baba atanyamaza na safari hii moja kwa moja. Nikimwacha, ni kuokota maiti kila kukicha. Na nikwambie ukweli wangu wote, mshauri: samaki yule namwonea wivu.

Binti wa Seremala

*

Binti wa Seremala, pole, mwanangu. Nilicheka kama ulivyoniruhusu, lakini nilipofika kwenye kamba ya nguo kicheko kilikwisha.

Tuanze na maji. Umechagua majirani kwa kutazama nguo zao! Samaki wa "maji baridi" maana yake ni maji yasiyo na chumvi, siyo kwamba wote wanapenda ubaridi. Wa dhahabu anataka maji ya ubaridi kweli, anakua mkubwa na anachafua. Tangi la juu ya kabati la viatu si lake. Mpe mwenye bwawa au tangi kubwa. Yule mwekundu anataka maji ya vuguvugu, na kwa asili yake ni mgomvi: akiona mkia mrefu wa rangi anadhani mpinzani amekuja kumpokonya nyumba. Gapi wako hawana kosa ila urembo. Walio hai wahamishie chombo chao leo hii, usingoje kesho. Mwekundu abaki, umwekee kipasha maji na majani ya kujificha, na ukitaka awe na mwenzake, tafuta mpole asiye na mapezi ya kupepea. Konokono anafaa. Hata hivyo muwe na macho, maana kila mgomvi ana kiasi chake.

Tena, samaki mwenye mapezi ya namna hiyo ni dume. Hilo liache hapa kwangu.

Sasa wewe. Acha kununua samaki kwa siri! Baba yako amemzika mke. Kifo cha gapi atakiweza. Asichokiweza ni kufanyiwa mambo yakaamuliwa yeye akiwa amelala. Amekwambieni kwa kinywa chake, na nyote wawili mmesikia "mke" mkaacha kusikia "sikuulizwa". Hajachanganyikiwa, mwanangu. Ana majonzi, na kapata wa kumwambia. Kama una wasiwasi na kichwa chake, daktari yupo, mpeleke. Ila wivu dawa yake ni nyingine: weka sufuria chini, kaa karibu naye, na umuulize mama yenu alikuwa mkali vipi. Kisha nenda naye dukani. Achague yeye.

Nilimtumia jibu hili kabla halijachapwa. Alichonijibu ameniruhusu nikiweke hapa:

"Tulikwenda, mshauri, na kaka akaja, akamshika baba mkono kushuka ngazi. Njiani nilimwambia baba habari za gapi. Akasema, 'Najua. Wa kwanza alikuwa na doa.' Dukani aliinama mbele ya vioo muda mrefu, mwisho akanyoosha kidole kwa konokono. 'Huyu atamuweza. Akifokewa anaingia ndani.' Kaka akauliza, 'Na wewe, baba, ulikuwa unaingia wapi?' Baba akacheka mpaka akashika meza. 'Karakana,' akasema. 'Siku tuliyohamia nyumba yetu alinifungia nje, kisa viatu vyenye maranda ya mbao.' Ulimi ulikuwa mzito, akawa anapumzika, anaendelea. Muuzaji alikuwa ameshika funguo, anataka kufunga duka. Akazirudisha mfukoni, akatuvutia benchi, akakaa naye. 'Ehe, mzee,' akasema, 'akakufungulia?'

"'Nani, mama yao?' baba akasema. 'Sogeeni niwaambie.'"